Mzee Maduhu, Zile Gia za Mbele Nimezitoa

Mzee Maduhu, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa hapa hapa kibandani Igoma, nimekaa kwenye benchi lako. Mvua imewafukuza wateja tangu saa sita, na daftari nimelichukua la mwanangu, atanuna akirudi shule. Mimi si mtu wa barua, unanijua. Ripoti za zamu kule kiwanda cha nguo nusu yake ulikuwa unaniandikia wewe, kwa sababu mimi niliandika "mashine imepona" na basi, nikaenda zangu kula. Haya, leo nimekuletea ripoti ndefu. Usinisahihishe.

Zile gia za mbele nimezitoa. Imebaki moja tu, ile ya katikati, kama ulivyokuwa unataka. Najua nimechelewa. Uliniomba kazi hiyo ukiwa hai, mara tatu, na mara zote tatu nilikukatalia. Nataka nikueleze kwa nini, maana nisipokueleza wewe sina mwingine wa kumweleza, na jambo lenyewe limenikaa kooni tangu siku tuliyokuzika.

Unakumbuka uliponipokea kule kiwandani? Nimetoka Magu na cheti changu cha ufundi nimekikunja mfukoni, najiona mhandisi. Ukanipeleka kwenye mashine moja ya kufuma iliyokuwa inapiga kelele, nikaenda moja kwa moja kwenye boksi la spana. Ukanishika shati. Ukaniambia niweke mkono wa kushoto juu ya ubavu wa mashine na nitulie. "Wa kulia unafanya kazi, wa kushoto unasikiliza." Nikakuona mzee mwenye mambo yake. Nikasikiliza, nisisikie kitu. Ukauliza, "Umeshamuuliza anayekaa nayo?" Anayekaa nayo alikuwa mama mmoja wa zamu ya asubuhi, tena alikuwa amesimama pale pale, na sikuwa nimemwona. Akasema inaanza kulia baada ya chai ya saa nne, ikishapata moto. Ukaniangalia tu. Beringi ilikuwa imekwisha. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufungua upande wa pili kabisa.

Maneno hayo uliyarudia mpaka nikachoka kuyasikia. Muulize anayekaa nayo. Tulipokuwa tunakula ugali chini ya lile paa la bati, vijana tulikuwa tunakuigiza, mmoja anauliza chumvi iko wapi, mwingine anamjibu muulize anayekaa nayo, na wewe unajifanya hujasikia. Miaka yote hiyo nilidhani nimeyaelewa.

Halafu ikaja hii ruksa, soko huria, na kitambaa cha kutoka nje kikawa rahisi kuliko tulichofuma sisi. Tukapunguzwa. Siku ile ulitoka getini umebeba mkebe wako wa chai na ule mkebe mwingine wa senti hamsini, zile zenye sungura, ambazo hata pipi zilikuwa hazinunui tena. Nikakucheka. Ukasema hela ikishakufa inageuka washa, kile kiduara cha bati, utazihitaji siku moja chini ya nati. Nilikucheka tena.

Mimi nikaja kufungua kibanda hapa Igoma. Bahati yangu ikawa zile baiskeli za mitumba zilizoanza kushuka kwenye makontena, nyepesi, zina rangi za kila namna, na gia mbele na nyuma. Mafundi wenzangu walikuwa wamezoea zile nyeusi nzito zisizo na gia. Wakiletewa ya gia wanakata waya, wanatupa vidude vyote, wanaacha cheni moja. Mimi nikafungua moja wiki nzima, nikaipanga, nikaifungua tena, mpaka nikaijua. Nikaandika kwenye bati kwa rangi nyekundu, FUNDI WA GIA. Watu walitoka mpaka Kisesa kunifuata. Nisikudanganye, kichwa kilivimba.

Na wewe ukanunua ile ya buluu. Tatu mbele, sita nyuma. Ulikuwa umeshapata kibarua cha kutengeneza mashine za barafu kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, kule ziwani upande wa Ilemela, na ulisema hutaki kugombania magari kila asubuhi na watu wa umri wa wajukuu zako. Unatoka Igoma, unashika barabara ya Musoma, Nyakato, Buzuruga na ule mteremko wake, unaendelea. Jioni unarudi unanuka samaki, umefunga mapanki, yale mabaki ya sangara, ya mbwa wako nyuma kwenye keria. Na kila Jumamosi unaniletea baiskeli. Hukuwahi kuruka Jumamosi.

Niseme ukweli, Mzee. Baiskeli yako ilikuwa ndiyo bango langu. Mteja akija anasitasita, namwambia ngoja nikuonyeshe kazi. Naiinua ya kwako gurudumu la nyuma, nazungusha pedeli, naipitisha gia zote kumi na nane, kubwa, katikati, ndogo, inaimba tik, tik, tik. Mteja mwenyewe anatoa tabasamu. Ulikuwa unakaa kwenye benchi hili hili unaangalia na wewe unatabasamu, na mimi nilijua mwalimu wangu anajivunia mwanafunzi wake. Kwa hiyo siku uliyosema, "Hebu niondolee hizi za mbele, uniachie ya katikati tu," nilihisi kama umenitukana.

Nikakuuliza kwa nini. Ukasema ya katikati ndiyo unayoitumia, hizo nyingine urembo. Nikakujibu, Mzee, mimi siharibu baiskeli, peleka kwa hao wanaokata waya. Ndivyo nilivyokujibu. Wewe uliyenifundisha kushika tupa.

Ukacheka, ukasema haya, fundi.

Mara ya pili ukaja na hoja. Ukasema waya mmoja pungufu, kidude kimoja pungufu, vumbi la Igoma litapata pa kukaa pachache. Nilikuonyesha jinsi ambavyo gia ndogo ingekusaidia kwenye kilima cha nyumbani kwako. Ukasema kile kilima unakisukuma kwa miguu, unapata kusalimia watu. Mara ya tatu hukutoa hoja yoyote. Ulisema tu, "Kijana wangu, nisaidie hilo." Na mimi nikasema wiki ijayo, nikijua wiki ijayo sitafanya, kwa kuwa kulikuwa na mteja amesimama pale na nilitaka aione inavyobadilisha.

Sasa ule mpira. Hapa ndipo ninaposhindwa kulala vizuri.

Kuanzia mwaka jana, kila Jumamosi nilikuta umefungwa mpira wa tyubu kwenye kile kidude cha mbele kinachosukuma cheni. Kipande chembamba, kimezungushwa kwenye bomba la fremu, kimekaza kile kidude kisiende kokote, cheni ikae katikati. Fundo baya, la kuvutwa kwa meno. Nikajisemea hawa watoto wa mtaa hawana adabu, au kuna fundi mjinga kule Nyakato anaichezea baiskeli ya mzee wangu. Nikakata mpira kwa wembe. Nikakaza waya, nikapanga upya, na ili uone kazi imefanyika nikaiacha cheni kwenye ile gia kubwa, kwa sababu ndiyo inayong'aa. Nikakukabidhi. "Nimekutengenezea, Mzee." Ukasema asante sana. Jumamosi inayofuata mpira upo tena, nikaukata tena.

Hukusema neno. Na mimi sikuuliza. Nilikata ile mipira kwa muda wa miezi, Mzee, nikijiona mtu wa maana.

Na vitu vyote vilikuwa mbele ya macho yangu. Raba za breki ya kushoto zilikuwa mpya, hazijalika hata kidogo, nami nikakusifia kwamba unajua kufunga breki kwa upole. Lile koti la kaki, hata jua likiwaka, mkono wa kushoto uko mfukoni. Ukaacha kumimina chai kwenye kisosi. Wewe, ambaye kiwanda kizima kilikujua kwa kisosi, kikombe mkono huu, kisosi mkono huu, unapuliza. Ukawa unakiacha kikombe kwenye benchi kipoe chenyewe. Nikakutania kwamba minofu ya kwenda Ulaya imekufanya mzungu. Ulicheka vizuri tu.

Hata ile siku uliyokuja na goti limechanika na jino halipo. Ulisema ni mbuzi, mteremko wa Buzuruga, mbuzi kakatiza. Nikawatukana wafuga mbuzi wote wa Buzuruga, nikanyoosha gurudumu lako, nikapanga gia.

Halafu ukafa. Mama Nyamizi, mkeo, alisema uliamka asubuhi ukaomba maji, ulipoletewa ulikuwa umeshaondoka. Nilizipokea habari nikiwa na spana mkononi, nikaendelea kukaza ile nati mpaka ikakatika. Ndiyo hivyo tu. Sikulia siku ile. Nililia baadaye, kwa jambo jingine, na ndilo nililokuja kukuambia.

Msibani kwako watani walikuja. Bi Mwajuma, yule Mzaramo wako muuza vitumbua wa stendi, mliyekuwa mnatukanana naye kila asubuhi kana kwamba mmelipwa, alikuja na hasira zake zote. Tumekaa wanaume upande mmoja, mwalimu wa dini amemaliza kusali, jeneza liko ndani. Mara akatoka nyumbani kwako amevaa koti lako la kaki, limemfika magotini. Akaichukua baiskeli yako ukutani. Akasema huyu Msukuma haondoki mpaka tumkumbuke vizuri. Akapanda, kanga ameikunja, akazunguka uwanja.

Mkono wa kushoto ameutia mfukoni, Mzee.

Watu wakaanza kucheka, kile kicheko cha msibani cha watu waliokuwa wanalia dakika moja iliyopita. Akaendesha kwa mkono mmoja, shingo ameinua kama wewe. Akajifanya amefika mteremkoni. Akatoa mkono wa kulia, akaupitisha juu ya usukani kwenda kule kushoto, anatafuta kishikio cha gia za mbele, anakisukuma, baiskeli inayumba huku na huku, anarudisha, anapeleka tena, mpaka akaanguka kweli kwenye mchanga miguu juu. Akapiga kelele kutoka pale chini, "Mbuzi jamani, ni mbuzi." Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Mama Nyamizi mwenyewe alicheka, amejifunika uso kwa kanga.

Mimi peke yangu sikucheka. Nilimwuliza jirani yako niliyekaa naye, mbona anaendesha vile. Akanishangaa. "Kwani wewe hujui? Mkono wa Maduhu si ulikufa tangu mwaka jana?"

Mtaa mzima ulijua. Muuza vitumbua alijua. Mimi niliyekuwa naishika baiskeli yako kila Jumamosi sikujua. Nikainuka, nikaenda nyuma ya choo cha nyumba yako, nikalia huko kama mtoto, na aibu ilikuwa kubwa kuliko huzuni. Halafu nikakukasirikia. Ndiyo, nilikukasirikia, na wewe umelala ndani. Kwa nini hukusema? Neno moja tu, mkono hauwezi kusukuma kishikio, na ningezitoa zile gia siku hiyo hiyo kwa meno yangu.

Ilibidi nimwulize mkeo, baada ya wiki kadhaa, watu walipokwisha kutawanyika. Akasema uliamka siku moja mkono hauna nguvu, ukamkataza asinifikishie habari. Akasema ulimwambia kwamba mimi ni mtu niliyefundishwa kusikiliza kwa mkono ule, na hukutaka nione umekuwa kiziwi. Ndivyo ulivyomwambia, kiziwi. Akasema pia, "Alikuwa anarudi Jumamosi anasema, kijana wangu ameukata tena, halafu anakaa hapo mlangoni anafunga mwingine. Mimi nilimshikia upande mmoja." Kumbe lile fundo la meno lilikuwa lako, na upande mmoja ni wa Mama Nyamizi.

Mzee wangu. Ulitaka nikutolee zile gia bila kunionyesha mkono, na mimi nilitaka kuonyesha gia kwa watu. Basi tukakaa hivyo, kila Jumamosi, mmoja anafunga na mwingine anakata. Nisamehe. Sina neno jingine la kuliweka hapo.

Wiki iliyopita Nyamizi, binti yako, alikuja na baiskeli. Ndiye anayeipanda sasa, amehamishiwa kufundisha shule ya huko juu kwenye mawe, na gari la kumfikisha halipo. Alikuja na ule mkebe wa senti, mama yake amempa, akasema nitajua matumizi yake. Nilijua. Ukitoa gia kubwa ya mbele bolti zinabaki ndefu, nati inafika mwisho kabla haijabana, kwa hiyo lazima uweke kitu cha unene ule ule. Nikachagua sungura watano, bolti ziko tano. Nikawatoboa katikati, nikawapiga tupa pembeni, nikawapanga. Walikaa sawasawa kabisa. Ungekuwepo ungesema nini sijui, lakini ungenyanyua zile nyusi.

Nilifanya taratibu, wala sikupokea mteja mwingine asubuhi ile. Nilitoa ile kubwa inayong'aa. Nikatoa ile ndogo ya ndani. Nikatoa kile kidude, na juu yake bado kulikuwa na mpira wako wa mwisho. Huo sikuukata kwa wembe. Niliufungua fundo kwa kucha, ilinichukua muda, nimeuweka kwenye mkebe pamoja na senti zilizobaki. Nikavuta waya wa kushoto wote. Nikapunguza cheni pingili chache. Nikainua gurudumu, nikazungusha, na kabla sijapeleka macho popote nikaweka mkono wa kushoto juu ya fremu nikatulia. Inakwenda kimya. Ulikuwa sahihi, inakwenda kimya kuliko ilivyowahi kwenda na gia zangu kumi na nane.

Kilibaki kishikio cha kushoto pale kwenye usukani. Hakina waya, hakivuti kitu, na kwa sheria zetu kisichofanya kazi kinatoka. Nilikuwa nimeshaingiza bisibisi. Nyamizi alikuwa amekaa hapa kwenye benchi lako anasahihisha madaftari ya wanafunzi, na mimi nimempa mgongo. Mkono ukasimama wenyewe. Nikageuka nikamwuliza, mwalimu, hiki je, nikitoe?

Akaja, akashika usukani, akafikiri. Akasema, "Kiache. Kidole gumba changu kimezoea kupumzika hapo."

Basi. Kile kitu hakina kazi hata kidogo, na ulimi ulikuwa umeshanyanyuka kumweleza jinsi kitakavyoingiza vumbi na kutikisika. Nikaumeza. Nikakikaza vizuri kisije kikampigia kelele njiani, nikampa baiskeli yake, akapanda akaenda. Amepita jana. Amesema kilima anakisukuma kwa miguu, anapata kusalimia watu.

Habari nyingine ni chache. Kule minofuni wameweka kijana kwenye mashine zako za barafu, na nasikia anaanza na spana. Bi Mwajuma hajapata wa kutukana, ananiletea mimi matusi yako pamoja na kitumbua, nayachukua yote mawili. Lile bati langu nimelipaka rangi upya. Nimeandika FUNDI BAISKELI tu. Wanaotaka gia nawapangia, wanaotaka zitoke nazitoa.

Nakuahidi jambo moja, Mzee, na sitakuongezea la pili. Mtu akinisimamishia baiskeli hapa, kabla sijagusa boksi la spana nitamwambia kaa, niambie unavyoiendesha, nionyeshe mikono. Nimeanza. Wengine wananiona mtu mwenye mambo yake. Jumamosi iliyopita alikuja mzee mmoja wa Kishili, nikamwomba mikono, akasita, halafu akanipa wa kulia peke yake. Nikamwambia na huo mwingine, baba. Akautoa mfukoni polepole, nikaupokea kwa mikono yangu yote miwili.

Mvua imekatika, kuna mtu anasukuma baiskeli kuja huku. Lala salama, Mzee Maduhu. Benchi lako lipo.

Ni mimi, kijana wako,
Shija